Neno "bias": jinsi ya kulitafsiri bila kupindua maana

Natafsiri ripoti za watu kila siku na neno linalonitoa jasho ni hili fupi tu la kingereza, bias. Wengi tukiliona tunakimbilia "upendeleo" tunasonga, na mimi nilikua hivohivo mpaka siku nikaandika mradi una "upendeleo kwa wanawake" wakati ripoti nzima inalalamika wanawake wanabaniwa, mteja akanipigia usiku, hivi wewe umeisoma kweli?

Hatua ya 1. Kabla hujashika kamusi angalia kineno kinachofuata. Ni against? Basi mtu anabaniwa. Ni towards au in favour of? Anabebwa. Yaani "the referee was biased against Yanga" ukiandika refa aliipendelea Yanga, watu wa Simba watakushangilia bure, andika refa aliibania Yanga. Kama hakuna kineno chochote usimtajie mtu upande, sema tu refa hakutenda haki.

Hatua ya 2. Ukiwa unaandika kingereza chenyewe, "he is bias" ni kosa. Bias ni jina, ni sawa na kusema "yeye ni upendeleo", kwahiyo weka biased. Hata wazungu wenye lugha yao wanakosea hapa maana ile -ed mdomoni haisikiki sana.

Hatua ya 3. Angalia unasoma habari za nani. Kwa fundi cherehani, cut on the bias ni kukata kitambaa mshazari, ndo gauni linavutika na kulala vizuri mwilini (na neno lenyewe linatokana na kifaransa biais, mshazari hivohivo). Kwa watu wa takwimu ni kama mizani ya duka inayozidisha gramu 50 kila ukipima, pima mara mia jibu litaenda upande uleule, mwenye mizani wala hamchukii mtu, so hapo naandika "kuegemea upande mmoja", upendeleo hapana.

Hatua ya 4. Usilichanganye na prejudice. Hilo ni kumhukumu mtu kabla hujamjua, na lina ukali zaidi. Ila ukilikuta juu ya barua ya wakili, WITHOUT PREJUDICE, tulia kwanza, anamaanisha haya tunayoongea ya kumalizana nje yasije yakatumika kama ushahidi mahakamani. Nishaona mtu kaandika "bila chuki".