Umeme wa upepo baharini: unaufikishaje nchi kavu?

Watu wakiona yale mapangaboi makubwa baharini wanauliza yanatoa megawati ngapi, ila fundi anauliza kwanza ni kilomita ngapi mpaka ufukweni. Ukishajua hapo ndo unaanza kupanga.

Anza kwa kuunga turbini (ndo hayo mapangaboi) kwa mafungu, kebo inatoka hii inaingia ile chini ya maji kwa msongo wa kilovolti 33 au 66, zote zinaishia kwenye kituo kilichosimamishwa hukohuko baharini. Pale transfoma inapandisha msongo, mfano shamba la upepo la Hornsea One huko Uingereza linapandisha hadi kilovolti 220, maana volti zikipanda ampea zinashuka na ampea ndo zinazochemsha waya na kukulia umeme.

Sasa pagumu ni hapa: AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) au DC (umeme wa mwelekeo mmoja)? Kebo ya baharini sio kama waya wa nguzoni, ile ni kapasita ndefu, yaani inahifadhi chaji ndani yake, kwenye AC inajazwa chaji na kutolewa kila mzunguko, mizunguko 50 kwa sekunde, kwahiyo ukiirefusha sana nafasi inaliwa na chaji yake yenyewe na megawati zako zinakosa pa kupita. Hornsea One iko kama kilomita 120 kutoka pwani na ilibaki na AC, megawati 1,218, ila ikabidi wajenge kituo kingine njiani hukohuko baharini cha riakta (koili kubwa za waya) za kumeza hiyo chaji. Jirani zao Dogger Bank wakaenda DC, kilovolti 320 chanya na hasi, huko kebo ikishajaa chaji imejaa, haijazwi tena kila mzunguko. Shida ni konveta, mitambo ya kugeuza AC kuwa DC na kuirudisha, unahitaji moja baharini na moja nchi kavu (kazi ileile inayofanyika Suswa, Kenya kwenye laini ya Ethiopia) na bei yake sio ya mchezo. Mimi ningesema ukipita kilomita 80 hivi piga hesabu zote mbili kabla hujaagiza kitu.

Kebo ifukie, nanga za meli na nyavu za kukokota hazina huruma. Ufukweni usichimbe mtaro, toboa kwa chini upitishe bomba, kebo ivutwe humo mpaka kwenye shimo la kuungia, halafu kituo cha nchi kavu kinaweka msongo sawa na gridi, kwa Uingereza mara nyingi kilovolti 400.

Siku ya kuwasha usishangae umeme ukianza kwa kwenda baharini, turbini zinahitaji moto wa gridi kwanza ili kompyuta na mota zake ziamke, ndo zigeukie upepo.