Kabla ya Kuanika: Ukitaka Vitu Vikauke Haraka

Maji hayasubiri yachemke ndipo yageuke mvuke. Hata penye baridi, molekuli zenye kasi kubwa huchomoka juu ya uso wake na kuingia hewani. Zikiondoka huondoka na joto, ndiyo maana nguo mbichi ikikaa mwilini hukutetemesha. Na joto hilo si haba. Kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi hula kama kilojuli 335. Kuigeuza yote mvuke, hata bila kuchemka, hula zaidi ya 2,200.

Kwa hiyo kabla hujawaza moto wala jua, kamua. Maji yaliyotoka kwa nguvu ya mikono hayahitaji tena joto la kuyaondoa. Sweta la sufu usilisokote, litaharibika umbo: litandaze juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kandamiza kwa magoti. Utashangaa taulo litakavyolowa.

Halafu iangalie hewa yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 hushiba kwa gramu 17 hivi za mvuke. Ikifika nyuzi 30 hubeba karibu 30. Ikishashiba, nguo zitaning'inia kutwa bila kukauka. Chumba kilichofungwa hujazwa mvuke na nguo zilezile zilizomo, basi fungua madirisha yanayotazamana, au elekeza feni kwenye nguo na uipe hewa chepechepe pa kutokea. Siku ya mawingu yenye upepo mkavu mara nyingi hukausha vizuri kuliko siku ya joto iliyotulia yenye unyevunyevu.

Acha nafasi kati ya nguo na nguo. Jinzi igeuze nje ndani, mifuko ikiwa imevutwa, kwani kiuno na mishono ndivyo hubaki vibichi mwishoni. Viatu vitoe soli za ndani na kamba, uvijaze magazeti makuukuu, na uyabadilishe kila yanapolowa. Usivisogeze motoni, ngozi hupasuka na gundi huachia.

Nasisitiza hili: usianike juu ya jiko linalowaka, wala usiwashe mkaa ndani ili nguo zikauke. Nguo ikidondoka hushika moto, na mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Simu iliyoingia maji izime, usiichaji, usiipulizie hewa ya moto. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Iweke penye hewa kavu inayopita.

Zulia na godoro visicheleweshwe: vikikaa vibichi saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Viinue kutoka sakafuni ili hewa ipite chini na juu.