Kabla ya kuchagua opsi au Chocolatey, pima bando

opsi na Chocolatey ni zana za kuweka programu kwenye kompyuta nyingi. Kwa ofisi ndogo za Kariakoo au Posta zenye kompyuta kumi za Windows na ruta moja ya bando: kwa zana unayoijaribu, weka LibreOffice (programu za ofisi, zaidi ya MB 300) kwenye kompyuta mbili, moja baada ya nyingine, ukisoma matumizi ya data kwenye ruta kila mara. Ya pili ikila sawa na ya kwanza, zana hiyo inapakua upya kwa kila mashine. Vifurushi vingi vya hazina ya umma ya Chocolatey hufanya hivyo, maana ndani yake kuna skripti tu inayofuata faili kwa mtengenezaji. opsi huhifadhi faili kwenye seva yako ya Linux, kisha mashine huchota humohumo ofisini. Ila seva hiyo inataka mtu wa kuitunza, na umeme! Kama huna, baki na Chocolatey: tengeneza kifurushi chenye faili ndani, kiweke kwenye folda ya pamoja, elekeza Chocolatey huko kwa chaguo la amri `--source`.

Kipimo hudanganya masasisho ya Windows yakipakuliwa wakati huohuo, yasimamishe kwanza. Na kwa laptopu zinazoshinda nje ya ofisi, hakisaidii kitu.