Dawa ya kiini cha mwarobaini kwa bustani za mabondeni

Mvua zikishakatika na bustani za mabondeni Mtwara na Lindi kushika kasi, vidukari hujaa kwenye kunde na bamia, nzi weupe kwenye nyanya, viwavi kwenye mchicha. Dawa yao ni mwarobaini wa uani. Wengi huchemsha majani, na hapo hupoteza mara mbili: azadirakitini, kitu kinachomzuia mdudu kula na kujivua gamba, imejaa kwenye kiini cha kokwa kuliko kwenye jani, tena joto kali huiharibu.

1. Kokwa. Okota matunda ya njano yaliyoanguka karibuni. Menya nyama siku hiyohiyo, osha, kisha anika kokwa kivulini juu ya mkeka mpaka zikauke kabisa, siku 3 hadi 7. Zihifadhi kwenye kikapu au gunia linalopitisha hewa. Ndani ya mfuko wa nailoni zitatoa jasho na kuota ukungu. Zimalize kabla ya miezi 8.

2. Kutwanga. Vunja maganda, pepeta, tupa viini vyenye ukungu. Viini nusu kilo vinatosha maji lita 10. Kama huna mizani, kapimiwe dukani. Twanga taratibu upate chenga. Ukitwanga kwa nguvu mafuta hujitokeza, unga unakuwa donge na hautoi dawa vizuri. Kinu hicho kisirudi jikoni, uchungu wake hautoki.

3. Kuloweka. Alfajiri funga chenga kwenye kipande cha kanga kuukuu, tumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi lita 10, funika, weka kivulini. Jioni kamua kifurushi ndani ya maji hayo mara nyingi hadi yawe meupe kama tui, halafu chuja kwa kitambaa cha kukunja mara mbili. Ukichuja kizembe, nozeli (ncha ya bomba la kupulizia) itaziba katikati ya tuta.

Ongeza vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, ukiiyeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Sabuni ndiyo inayoishikisha dawa kwenye jani. Kwa wenye visima vya karibu na bahari: maji ya chumvi hukata sabuni ikawa vibonge, basi tumia maji ya mvua. Sabuni ya unga iache, huunguza majani.

4. Kupuliza. Jaribu majani machache, ngoja siku moja uone kama yameungua. Kisha pulizia kuanzia saa 11 jioni, kwa sababu jua huivunja dawa hii haraka, na nyuki nao wanakuwa wanarudi mzingani. Elekeza nozeli chini ya jani, maana vidukari na nzi weupe hukaa huko. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, na tena mvua ikinyesha. Iliyobaki usiilaze, kesho haina nguvu ileile.

Usitumie bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu, hata likioshwa. Kuanzia Juni, mikorosho ya jirani inapopulizwa salfa, angalia vumbi lake. Likitua kwenye mboga, subiri wiki 2 kabla ya kupuliza mwarobaini, kwani kiini kina mafuta, na mafuta yakikutana na salfa majani huungua. Mabaki usiyamwage kwenye bwawa la samaki, na weka viini mbali na watoto.

Asubuhi utawakuta wadudu bado wazima. Usikate tamaa wala usizidishe kipimo. Angalia majani machanga siku ya tatu au ya nne: wadudu wameacha kula, na wadogo wanakufa wakishindwa kujivua gamba. Kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, ni mgumu zaidi, kwa kuwa kiwavi wake hujificha ndani ya jani la nyanya. Kwake anza kupuliza unapoona michirizi ya kwanza, na majani yaliyokwisha kuchimbwa yachume uyachome moto.