Kabureta ikivuja, anza na boya

Pikipiki kuukuu ya kuendeshea matopeni ikidondosha petroli kwenye kile kimpira cha chini ya kabureta, usikimbilie kununua kabureta mpya. Mara nyingi ni uchafu tu umekwama kwenye sindano ya boya, yaani kijiti kinachofunga njia ya petroli boya linapoelea juu ndani ya kabureta. Funga koki ya petroli, gonga bakuli la kabureta (kikombe cha chini kinachoshika petroli) taratibu kwa mpini wa bisibisi, fungua tena. Bado? Shusha bakuli (sigara mbali, jamani). Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara iliyolika, badilisha, wala usiipige msasa. Kisha nusa oili ya injini: ikinuka petroli, imwage uweke mpya kabla ya kuwasha.