Jinsi ya kuivika almasi ya maabara hidrojeni, na kuhakikisha kweli imeshika

Ukitaja almasi hapa Dodoma, mawazo ya watu yanakimbilia Mwadui. Ninayoizungumzia mimi haijachimbwa. Ni kipande bapa cha milimita 5 kwa 5, kilichooteshwa kwa gesi ya methani na hidrojeni. Chagua kisicho na boroni, kwa sababu chenye boroni kinapitisha umeme chenyewe na kitakuvurugia vipimo vyote.

Tunachobadilisha ni tabaka la atomu za juu kabisa. Ndani almasi inabaki ileile, lakini juu itakuwa kama kitu kingine: itafukuza maji na itapitisha umeme.

1. Safisha, kisha pima kabla

Kichemshe kipande kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki, ndani ya kabati la kufyonza moshi, ukiwa umevaa miwani na glavu za asidi. Hii si kazi ya kufanyia jikoni. Asidi inaondoa grafiti (kaboni laini kama ya penseli) na mafuta, na inaacha uso uliojaa oksijeni. Suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kausha, kisha jaribu: tone la maji linatandaa, na mita inaonyesha ukinzani uliopita kiwango chake. Andika matokeo hayo. Bila kipimo cha kabla, cha baada hakikusaidii.

2. Plazma ya hidrojeni

Weka kipande ndani ya chemba ya plazma, nyonya hewa yote, ingiza hidrojeni safi, washa mikrowevu ili gesi igeuke plazma, yaani gesi inayong'aa yenye chembe za chaji. Masafa ni gigahezi 2.45, yaleyale ya mikrowevu ya kupashia chakula. Kipande kikiwa kwenye nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, dakika kumi hivi zinatosha. Molekuli za hidrojeni zinavunjika kuwa atomu mojamoja. Atomu hizo zinang'oa oksijeni na kushika kaboni mahali pake, na njiani zinakula grafiti iliyobaki kwa kasi kuliko zinavyoila almasi.

Wengi wanaharibu hapa mwishoni. Ukizima plazma, acha hidrojeni iendelee kupita mpaka kipande kipoe kabisa. Umeme ukikatika katikati, usifungue kuchungulia. Subiri kipoe, kisha anza upya. Na kagua uvujaji kila mara: hidrojeni ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa inawaka, na mwali wake mchana hauonekani vizuri.

3. Tone la maji

Tumia bomba la insulini la U-100. Uniti moja ni mikrolita 10, nusu yake inatosha. Acha tone lining'inie kwenye ncha ya sindano, shusha taratibu mpaka liguse almasi, kisha inua. Weka simu usawa wa meza na upige picha kwa ubavu. Uso wenye hidrojeni unalifanya tone lisimame kama nusu mpira, pembe yake ikikaribia nyuzi 90.

Usishangilie bado. Mafuta ya vidole nayo yanafukuza maji, kwa hiyo kipande kichafu kitakupa picha nzuri vilevile. Ndiyo maana mimi siamini tone peke yake.

4. Mita ndiyo hakimu

Kiache kipande hewani kwanza. Kisha weka vidoa viwili vya rangi ya fedha inayopitisha umeme kwenye pembe mbili, vikauke, ugusishe nyaya za mita. Ukiona makumi ya kilo-omu pale palipokuwa hapasomeki, hidrojeni imeshika. Mafuta hayawezi kukupa hilo.

Umeme huo unatoka wapi? Kaboni inavuta elektroni kuliko hidrojeni (2.55 dhidi ya 2.20 kwenye kipimo cha Pauling), hivyo hidrojeni ya juu inabaki na chaji chanya kidogo. Hilo linazipandisha elektroni za almasi mpaka utando mwembamba wa maji unaotoka hewani uweze kuzichukua. Nafasi zinazoachwa nyuma ndizo zinazobeba mkondo. Watafiti Landstrass na Ravi walieleza upitishaji huu mwaka 1989. Maelezo ya kundi la mtafiti Maier kuhusu utando wa maji yalikuja mwaka 2000.

Kwa hiyo hewa ni sehemu ya kifaa chako. Ukikipasha kipande nyuzi mia mbili na kitu ndani ya ombwe, upitishaji unapotea ingawa hidrojeni bado ipo. Ukikirudisha hewani, unarejea. Kwetu, ambako kiangazi ni kikavu na Februari kuna mvua, andika unyevu wa chumba pembeni ya kila kipimo.

5. Kufuta, au kuchora

Plazma ya oksijeni inaondoa hidrojeni kwa muda mfupi tu. Ukifunika sehemu fulani kabla, palipofunikwa panabaki pakipitisha umeme na pengine pote panazuia, na hapo una njia ya umeme uliyoichora juu ya almasi. Pima ukinzani ndani ya njia hiyo, kisha pima kati ya njia mbili zilizo jirani. Kipimo hicho cha pili kikisomeka, rudisha kipande kwenye oksijeni, njia zako zikiwa zimefunikwa.