Somo: Karafuu na mkaratusi kwa afya ya nyumbani, kwa vipimo

Madukani kuna vitu vitatu tofauti vinavyouzwa kwa jina moja la "mafuta ya karafuu". Kuna mafuta ya mvuke: karafuu, makonyo (vikonyo vya karafuu) au majani ya mkarafuu hupitishwa mvuke wa maji, kisha mvuke hupozwa na mafuta kutengwa, kama inavyofanyika kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba. Haya ni makali. Sehemu kubwa yake, mara nyingi asilimia 70 hadi 90, ni yujenoli, ile inayotia ganzi na pia inayobabua. Kuna mafuta ya nazi au ya alizeti yaliyolowekwa karafuu, ambayo ni laini zaidi. Halafu kuna mafuta ya kula yaliyotiwa harufu tu, ambayo hayana kazi. Ukichukua kipimo cha mafuta ya kulowekwa ukakitumia kwa mafuta ya mvuke, utaunguza ngozi ya mtu. Ajali nyingi za nyumbani zinaanzia hapo.

Jaribu kabla ya kutumia. Tia matone mawili kwenye glasi ya maji na uigonge glasi kidogo. Mafuta ya mvuke ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Yakibaki yanaelea hata baada ya kugonga, yana mafuta ya kula au kitu kingine chepesi. Kisha dondosha tone jingine kwenye karatasi nyeupe na uache siku kadhaa. Doa linalong'aa likibaki, huenda yamechanganywa. Jaribio la maji ni la karafuu peke yake. Mafuta ya mkaratusi na ya mchaichai huelea hata yakiwa safi.

Vifaa

Chupa za kioo cha rangi ya kahawia, bomba la sindano la ml 1 (bila sindano yenyewe, la duka la dawa), kijiko cha chai cha ml 5, mizani ya jikoni, kitambaa safi cha pamba, na kalamu ya kuandika tarehe. Usihifadhi mafuta ya mvuke kwenye chupa ya plastiki, wala usiache kidondoshi chenye mpira juu ya chupa kwa wiki nzima. Yujenoli hulainisha plastiki na mpira, na vile vinavyoyeyuka vinaingia kwenye mafuta yako.

Hatua ya 1: Kuzimua

Ml 1 ni takriban matone 20, lakini vidondoshi havifanani. Vingine hutoa 30. Ndiyo maana tunataka bomba. Kwa karafuu ya kupaka ngozini usizidi nusu asilimia:

- tone 1 kwa vijiko viwili vya chai (ml 10) vya mafuta ya nazi
- ml 0.5 kwa chupa ya ml 100

Mkaratusi kwa mtu mzima unaweza kufika asilimia 2, yaani matone 2 kwa kijiko kimoja cha chai. Mtoto chini ya miaka miwili asipakwe mafuta yoyote ya mvuke, hata yaliyozimuliwa. Mafuta ya mkaratusi, nanaa na kafuri yasikaribie uso wake kabisa, kwa sababu mvuke wake unaweza kumbana pumzi.

Usizimue kwa maji. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yatakaa juu au chini yakiwa makali vilevile, na yatakapogusa ngozi yataunguza pale pale yalipogusa.

Mchanganyiko ukiwa tayari, paka kiasi cha punje ya mchele upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Subiri saa 24. Wekundu, muwasho au malengelenge maana yake huyo mtu asitumie, hata kama jirani yake anatumia bila shida.

Hatua ya 2: Mafuta ya kulowekwa, ya kuchua misuli

Haya ndiyo tunayopendekeza kwa nyumba isiyo na haja ya mafuta ya mvuke. Gramu 10 za karafuu kavu (kama punje 100 hadi 120) kwa ml 250 za mafuta ya nazi. Kipimo hiki si cha kubahatisha: karafuu nzuri hubeba mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 10 zina gramu 2 kwa wingi, na si zote zitakazotoka. Unabaki karibu na ile nusu asilimia. Wanaojaza nusu chupa karafuu wanatengeneza kitu ambacho hawajui ukali wake.

1. Anika karafuu juani saa mbili au tatu. Zikiwa na unyevu mafuta yatachacha.
2. Zitwange kidogo kwenye kinu, zipasuke tu. Usisage unga, unga haukubali kuchujwa na unaacha tope.
3. Tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mimina mafuta, uiache wazi.
4. Simamisha chupa ndani ya sufuria yenye maji, juu ya kitambaa ili kioo kisipasuke. Moto mdogo, maji yatoe mvuke bila kuchemka, saa moja na nusu hadi mbili. Usiruhusu tone la maji liingie.
5. Chuja kwa kitambaa mafuta yakiwa vuguvugu. Acha usiku kucha, kisha mimina polepole ukiyaacha masimbi chini.
6. Andika tarehe. Yakae kabatini, mbali na jiko. Miezi sita yanatosha. Yakinuka kama karanga zilizooza, mwaga.

Harufu ya kuungua maana yake uliweka sufuria ya mafuta moja kwa moja motoni. Ukungu juu maana yake maji. Yakiganda asubuhi usihangaike: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi.

Paka mgongo, mabega au magoti, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Usipake penye jeraha, wala usifunge kwa nailoni au kuweka chupa ya maji moto juu yake; joto na kufunikwa huongeza kinachopenya ngozini.

Hatua ya 3: Jino

Kwanza sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, na pitisha uzi kati ya meno. Mara nyingine ni nyuzi ya nyama tu iliyobana, na maumivu yanaishia hapo.

Yakiendelea, kwa mtu mzima: tone 1 la mafuta ya mvuke ya karafuu kwenye nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Chovya kipamba kidogo, kikamue, kiweke juu ya jino lenyewe, ukiume taratibu dakika tano hadi kumi. Tema, usimeze. Mara tatu kwa siku, siku mbili basi. Wakati ganzi imeshika usile, utajing'ata shavu.

Kosa la kawaida ni kudondosha mafuta makali moja kwa moja kwenye shimo la jino. Ufizi unageuka mweupe, unachubuka, na kesho mtu ana maumivu mawili. Madaktari wa meno nao hutumia yujenoli, iliyochanganywa na unga wa zinki, kuziba jino kwa muda. Lakini wao wameshasafisha uozo. Wewe hapo nyumbani unanyamazisha tu. Uso ukivimba, homa ikija, mdomo ukashindwa kufunguka au kumeza kukawa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kujifukiza kwa mafua, watu wazima tu

Nyungu ya kufunikwa blanketi na sufuria inayochemka miguuni tunaikataa. Kinachopeleka watu hospitali si majani, ni maji yaliyomwagika.

Weka beseni zito mezani, si kitandani wala sakafuni, na watoto wawe chumba kingine. Tia majani mabichi ya mkaratusi 8 hadi 10 na mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa. Mimina lita moja ya maji yaliyochemka. Subiri dakika tano. Kaa uso ukiwa umbali wa rula ya shule, macho umefumba, taulo kichwani, dakika tano hadi kumi. Kama huna majani, matone 2 ya mafuta ya mkaratusi yanatosha. Chagua kimojawapo, usitie vyote viwili. Mwenye pumu aache. Harufu kali inaweza kumwamshia.

Mtoto mwenye mafua: chemsha maji, pima kikombe cha ml 200, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe. Matone mawili kila tundu la pua kabla ya kunyonya. Tengeneza mapya kila siku. Aliyetimiza mwaka mmoja apewe nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala, kwa kikohozi. Chini ya mwaka, asali ni marufuku, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: hilo si la majani tena, ni la hospitali. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi.

Mtoto akinywa mafuta ya mvuke au yakimwingia machoni

Ml 5 za mafuta ya mkaratusi au ya karafuu, kijiko kimoja tu, zinaweza kumtia mtoto mdogo degedege au kumzimisha. Karafuu huweza pia kuharibu ini. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Yakimwagika ngozini, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia kisha osha kwa sabuni. Machoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Unguja: Shikamoo mwalimu. Mafuta ya makonyo ni rahisi kuliko ya karafuu yenyewe. Naweza kutumia?*

Marahaba. Kwa ngozi na jino chukua ya karafuu. Ya makonyo yana yujenoli nyingi zaidi, kwa kawaida asilimia 90 na kitu, na yanachoma zaidi. Kama ndiyo uliyonayo, zimua mara mbili ya kipimo cha juu: tone 1 kwa vijiko vinne vya chai.

*Mwanachama, Mombasa: Mama mkwe ampaka mtoto wa miezi saba karafuu kwenye ufizi, asema meno yanatoka. Nimwambieje?*

Mwambie ganzi ile inashuka kooni pamoja na mate, na mtoto anaweza kushindwa kumeza vizuri, achilia mbali anachokimeza. Mpe yeye mama kazi nyingine: kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, amsugulie ufizi kwa kidole kilichonawa. Na homa kali au kuhara usiviweke kwenye meno. Mpeleke kliniki apimwe.

*Mwanachama, Tabora: Mjomba hunywa matone matano ya mafuta ya karafuu kwenye maji moto, tumbo likijaa gesi.*

Aache leo. Yanazama chini ya kikombe na funda la mwisho ndilo linaloshuka makali. Achemshe punje tatu za karafuu na kipande cha tangawizi kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji, dakika kumi. Kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, hata hicho aulize kwanza.

*Mwanachama, Nairobi: Mimba ya miezi miwili, kichefuchefu hakiniachi. Tangawizi ni sawa?*

Tangawizi ya kawaida ya chai, ndiyo. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwa kikombe, vikombe viwili kwa siku, unywe kwa mafunda madogo. Mafuta ya mvuke ya aina yoyote usinywe, na mafuta ya nyonyo usiguse kwa mdomo kwa sababu huweza kuanzisha uchungu. Ukitapika hata maji, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, nenda hospitali.

*Mwanachama, Dar es Salaam: Mafuta ya mchaichai yanafukuza mbu kweli?*

Yanafukuza, lakini kwa muda mfupi. Baada ya saa moja au mbili harufu imeruka na mbu wamerudi. Paka jioni ukikaa barazani ukipenda, asilimia 1, tone 1 kwa kijiko cha chai. Kulala ni chandarua chenye dawa. Na homa ni kipimo cha malaria na dawa mseto. Mwarobaini hauchukui nafasi yake, na mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kamwe.

*Mwanachama, Muscat: Tuna mtoto wa wiki tatu. Nyumba hufukizwa udi kila jioni. Kuna ubaya?*

Moshi ni moshi, hata ukinukia. Chetezo kiwe chumba kingine, madirisha wazi, na nguo zake zisifukizwe. Mtoto arudishwe chumbani moshi ukishaisha, si ukishapungua.

*Mwanachama, Arusha: Mtoto anahara, bibi anachemsha majani ya mpera. Nimzuie?*

Usigombane na bibi, ila majani hayarudishi maji yaliyotoka. Pakiti ya chumvichumvi (ORS) ndiyo ya kwanza. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kilichosawazishwa pia. Chumvi ikizidi inamdhuru, kwa hiyo onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Vidonge vya zinki aombe kliniki, miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14. Macho yakizama, akilegea, au damu ikionekana kwenye choo, usingoje asubuhi.